Waliougua Moyo Mmoja

Baba yangu na rafiki yake waliugua ugonjwa mmoja wa moyo, wakaambiwa siku moja, na daktari mmoja, katika chumba kimoja cha kliniki mjini Kitale. Mmoja alikwenda kupasuliwa, mwingine akameza vidonge. Kwa miaka mingi watu waliniuliza ni nani aliyechagua vizuri, na kila waliponiuliza jibu lilikuwa limebadilika. Yako mambo mengine yaliyotokea katikati ambayo sikuwaeleza, kwa sababu hakuna aliyeyauliza.

Baba alikuwa amestaafu kazi ya serikali. Alikuwa mpima mizani katika ghala la mahindi, na baada ya kustaafu akarudi shambani kwetu Tongaren, upande wa Bungoma, kwenye ardhi ambayo babu aliipata mashamba ya wazungu yalipogawanywa. Rafiki yake alikuwa Kalasinga aliyezaliwa Kitale, mwenye karakana ya kutengeneza mashine za kupukuchua mahindi na vinu vya posho. Walijuana kwa sababu ya mizani ya ghala, ambayo iliharibika kila msimu wa mavuno. Baba alimfundisha Kibukusu kidogo, naye akamzoesha baba chai ya tangawizi na iliki. Waliitana bakoki, yaani mtu wa rika langu. Wageni waliosikia mzee mwenye kilemba cha buluu akiitwa hivyo walicheka. Wao wawili hawakuwahi kucheka.

Baba aliumwa kifua muda mrefu akisema ni vidonda vya tumbo. Akiinua jembe, akishikwa na maumivu, alikaa chini kwenye mtaro, akanywa maziwa, akangoja yapite. Ilifika wakati akawa hawezi kutoka langoni hadi nyumbani bila kupumzika njiani, na miguu ikavimba hadi kamba za viatu zikawa hazifiki. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kitale, nimepanga nyumba ya vyumba viwili Kibomet. Nilikwenda nikamchukua, nikampeleka kwenye kliniki ambako daktari wa moyo alikuwa akija mara kwa mara kutoka Eldoret.

Kwenye benchi la kungojea tulimkuta rafiki yake, amevua viatu, miguu imejaa kama ya baba.

"Bakoki, wewe unafanya nini hapa?" baba akauliza.

"Nimekuja kutengeneza mashine yao."

"Na viatu umevua ya nini?"

Rafiki akamtazama baba miguuni. "Na wewe?"

"Mimi nimesindikiza huyu msichana," baba akasema, akinionyesha kwa kidevu.

Nesi akafungua mlango akaita jina la baba. Nakumbuka jinsi wote wawili walivyoinama kutazama sakafu. Kisha yule rafiki akainuka, akashika mkono wa baba, akasema, "Haya, twende. Tuingie pamoja, tuache uongo."

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ndogo. Aliwalaza mmoja baada ya mwingine, akawapaka jeli baridi kifuani, akapitisha kile chombo chake juu ya mbavu. Kwenye skrini moyo wa baba ulionekana kijivu, ukijikunja polepole, kama mtu anayegeuka usingizini. Sikuwa nimewahi kuuona moyo wa mtu ninayempenda. Nilitamani daktari azime ile skrini. Alipomaliza na rafiki yake, aliziweka picha zote mbili mezani, na kama si maandishi ya pembeni hakuna ambaye angejua ipi ni ya nani.

"Mishipa inayolisha moyo imeziba," alisema. "Nyama ya moyo imekosa chakula kwa muda mrefu. Sehemu nyingine imekufa. Nyingine haijakufa, imelala tu. Ndiyo maana moyo hausukumi damu inavyotakiwa, maji yanabaki miguuni na kwenye mapafu."

"Hiyo imelala," baba akasema, "inaweza amka?"

"Wakati mwingine, mzee. Ikipata damu."

Akawaeleza njia mbili. Ya kwanza ni dawa: ya kutoa maji mwilini, ya kupunguzia moyo mzigo, ya kuusaidia kupiga kwa nguvu, kila siku hadi mwisho wa maisha. Ya pili ni kupasuliwa kifua. Unachukuliwa mshipa mguuni, unashonewa kwenye moyo ili damu ipite kando ya mahali palipoziba. Na baada ya hapo dawa bado unameza. Rafiki wa baba alikuwa na jambo la ziada: mlango mmoja ndani ya moyo wake ulikuwa unavuja, na akikubali kisu angewekewa mlango wa chuma.

"Sasa gani nzuri?" rafiki akauliza. "Wewe ndiyo daktari. Tuambie."

Kijana yule alizitazama tena zile picha. "Moyo ungekuwa bado na nguvu, ningewaambia bila wasiwasi. Kwa moyo uliochoka namna hii hata sisi tunabishana. Anayepasuliwa anaweza kufa palepale mezani. Asiyepasuliwa anaweza kuwa anaendelea vizuri, halafu siku moja akaanguka tu. Wenzetu bado wanalinganisha. Nikisema najua nitakuwa nawadanganya."

Baba alikuwa amefunga vifungo vya shati hadi shingoni. "Wakati wananifungua," akasema, "huo moyo watausimamisha?"

"Ndiyo. Kwa saa kadhaa. Mashine inausaidia, inazungusha damu."

"Na mimi nitakuwa wapi hiyo saa?"

Daktari alianza kutabasamu, akaona baba hafanyi mzaha. "Utakuwa umelala, mzee."

"Nikilala moyo inapiga. Nimekuuliza kama imesimama."

Kliniki ile ilikuwa karibu na soko, na siku zote ulisikia kelele za wachuuzi dirishani. Sijui kwa nini wakati ule sikusikia kitu chochote. Daktari alishika kalamu yake, akaandika dawa.

Nyumbani tulijadiliana. Kaka zangu walikuwa tayari kuitisha harambee, kanisa lilikuwa tayari, na mtoto mkubwa wa yule rafiki alisema wazee wote wawili wanaweza kwenda India pamoja. Kwa hiyo pesa haikuwa sababu. Baba alikataa kwa lile swali lake. Mama alimuunga mkono. "Mtu hawezi zimwa na kuwashwa," alisema, akichambua mboga kwenye ungo. "Ukimzima, ni nani unawasha?"

Rafiki aliamua kwenda. Alikuja Kibomet kuaga, kwa maana baba alikuwa bado kwangu akizoea dawa. Walikunywa chai yao ya tangawizi. Wakati wa kuondoka aliweka kiganja kwenye kifua cha baba, na baba akaweka chake kwenye kifua cha rafiki, wakasimama hivyo mlangoni kama wanaosikiliza kitu. Jirani aliyekuwa akianika nguo alizitupa tu kwenye kamba, akaingia ndani.

Dawa zilimsaidia baba, nisiseme uongo. Uvimbe ulipungua, akaweza kulala kitandani badala ya kukaa kwenye kochi, na mahindi yalipofika kifuani nilimrudisha Tongaren. Lakini alianza tabia mpya. Alisema polepole. Akimwona mtu anapaza sauti, aliinua mkono na kugusa upande wa kushoto wa shati.

"Kuna mtu amelala hapa," alikuwa akisema.

Tulidhani ni mzaha wa mzee. Baada ya muda na sisi tukajikuta tunanong'ona, mama jikoni, mimi kwenye veranda. Hata watoto wa majirani walipoingia uani kuchota maji walipita kimya.

Nilikuwa nimefunga shule, nimekwenda kukaa nao, asubuhi baba aliponiuliza ni kwa nini mama amebadilisha mapazia. Hakuwa ameyabadilisha, yalikuwa yaleyale meupe. Kwake yalikuwa ya manjano. Maziwa kwenye kikombe yalikuwa ya manjano, na mikono yangu pia. Hakutaka kula. Alikaa kwenye veranda akitazama shamba, ambako ukungu ulikuwa bado haujatoka, ingawa jua lilikuwa limepanda.

Mama alikuwa akimletea uji, akamsikia akisema kwa sauti yake ya kawaida ya kumpokea mgeni: "Karibu, bakoki. Mbona unasimama kwa baridi?"

Mimi na mama tulitazama. Palikuwa na mahindi tu, yamesimama wima, hakuna upepo.

"Nani, baba?" nikauliza.

"Si huyo. Hapo chini, karibu na mtaro. Amesimama kwa maji, maji imefika magoti." Akakunja uso. "Mbona hana kilemba? Nywele yake imeachiliwa, imefika kiuno. Nyeupe yote. Mimi nilidhani bado iko nyeusi."

Katika miaka yao yote ya urafiki hakuna yeyote kwetu aliyewahi kuona nywele za yule mzee. Mama aliweka kikombe chini. Akaenda, akiinua rinda lisilowe na umande, akapita katikati ya mistari ya mahindi hadi kwenye mtaro. Nilimwona akigeuka huku na huku. Aliporudi alisema hakuna mtu na mtaro ni mkavu. Lakini alivua kanga yake ya mabega, akaitingisha kwa nguvu kabla ya kuingia nyumbani, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya.

"Haongei," baba akasema. "Ananiangalia tu. Nimemwambia akuje, anatikisa kichwa."

Alibaki akimtazama hadi ukungu ulipoisha. Kisha akasema, "Amerudi," akaomba maji ya kunywa.

Simu pale kwetu zilipata mtandao mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya choo. Jioni nilipanda pale, nikampigia mtoto wa yule rafiki aliyebaki Kitale. Nilimuuliza kwa kuzungukazunguka, habari za nyumbani, habari za kazi. Akaniambia baba yake alipasuliwa asubuhi ileile, huko India. Kazi yenyewe ilikwenda sawa, ila walipotaka moyo uanze tena ulikataa. Walihangaika nao kwa muda mrefu. Mama yake aliyekuwa nje ya chumba aliambiwa aanze kusali. Halafu ukaanza.

Sikumwambia aliyoyaona baba. Nilishuka kwenye kichuguu, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa hadi mama aliponiita.

Kesho yake nilimpeleka baba Kitale. Daktari alimsikiliza habari za mapazia, akakunja uso, akaagiza apimwe damu. Ilikuwa ni ile dawa ya kuupa moyo nguvu. Ilikuwa imejaa mwilini kwa sababu figo zake hazikuitoa upesi, na dawa ile ikizidi mtu huona manjano, hukosa hamu ya kula, na wazee wengine huona hata watu wasiokuwepo. Alinieleza kwa upole, kama mwalimu anavyomweleza mwalimu. Aliisimamisha kwa muda, kisha akairudisha kidogo. Mapazia yakawa meupe tena, na baba hakumwona mtu mwingine shambani.

Nililipokea jibu hilo, na hata leo nalikubali. Ila lilipita muda, mke wa yule mzee akarudi, nikaenda kumwamkia. Katika maneno mengi aliniambia kwamba asubuhi ya upasuaji alimwosha mumewe nywele kwa mikono yake mwenyewe. "Aliingia huko ndani bado hazijakauka," alisema. "Nilikuwa na wasiwasi atashikwa na homa. Unaona ujinga wangu? Mtu anakatwa moyo, mimi nawaza homa."

Ningeweza kumwuliza kama zilikuwa nyeupe. Sikuuliza.

Mwaka ule wa kwanza kila mtu alimsifu baba. Rafiki yake alirudi amekonda, ngozi imekuwa kama karatasi ya kufungia sukari. Kidonda cha mguu, mahali walipotoa mshipa, kilikataa kupona. Alisahau majina ya vifaa vyake. Alikuwa mtu mcheshi, sasa alilia mbele ya wateja bila sababu, kisha akawakasirikia kwa kumwona. Wakati huo baba alitembea hadi kanisani na kurudi. Watu wa Tongaren walisema, "Unaona? Kisu ni kisu." Baba hakupenda kusikia hivyo.

Mahindi yalikuwa yameshavunwa yule rafiki alipopata nguvu ya kuja kututembelea. Mtoto wake alimleta kwa pikapu ya karakana. Tukakaa sebuleni, wazee wawili wakiangaliana, mama akamimina chai. Kisha ile hali ya kawaida ya nyumba yetu ikatushika, ile ya kunyamaza, na ndani ya kimya hicho nikasikia saa.

Hatukuwa na saa ya ukutani.

Tik. Tik. Tik. Ilikuwa ndogo, kavu, haikwenda sawasawa kama saa, iliharakisha, ikakawia. Mama aliacha birika hewani. Rafiki akaona tulivyokaa, akafungua kinywa chake kidogo, na mlio ukaongezeka, ukitoka mdomoni mwake.

"Ni ule mlango wa chuma," alisema, kwa aibu. "Ukifunga unalia. Mke wangu amezoea. Mimi bado."

Baba alisogea mbele kwenye kiti chake. Macho yalikuwa yamemtoka. "Bakoki, nataka unijibu kitu moja. Walipousimamisha, ulikuwa wapi?"

"Hakuna mahali."

"Usinifiche."

"Nakuambia kweli. Waliniambia nihesabu, nikahesabu, nikaamka na bomba kooni. Katikati hakuna kitu. Si giza, si ndoto. Hakuna."

Niliona baba hakuamini, na pia niliona kwamba rafiki yake alikuwa akisema ukweli kama alivyoujua. Baba hakuwa amemwambia habari za ile asubuhi ya ukungu. Mimi sikuwa nimemwambia. Mama ndiyo kabisa, asingeligusa jambo hilo hata kwa kijiti.

Chai ilipokwisha rafiki alisema anataka kunyoosha mguu. Tulidhani atazunguka uani. Alishuka ngazi za veranda, akapita zizi, akaingia shambani. Mabua yalikuwa yamekatwa na kukusanywa, shamba lote liko wazi, na alikuwa na njia kumi za kupita. Alikwenda moja kwa moja, akiburuta mguu wake mbaya, akafika karibu na mtaro, akasimama. Miaka yote aliyokuja kwetu alikuwa mtu wa kukaa sebuleni. Upande ule hakuwahi kufika. Tulimwona akiinama, akavua viatu, kimoja, kisha cha pili, akakunja suruali hadi magotini. Palikuwa pakavu, udongo umepasuka.

Baba alimfuata. Mimi nilimfuata baba kwa kuogopa asianguke.

"Bakoki," baba akasema nyuma yake.

Rafiki aligeuka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamshwa. "Hapa palikuwa na kisima?"

"Hapana."

"Maji yalipita hapa?"

"Hapana."

"Basi kwa nini miguu yangu ina baridi?"

Niliinama nikamsaidia kuvaa viatu. Jua la saa nane lilikuwa likichoma migongo yetu. Miguu yake niliyoishika ilikuwa baridi kama chuma kilicholala nje. Mtu anaweza kusema ni damu haifiki vizuri miguuni kwa sababu ya ugonjwa wake, na mimi mwenyewe nimejiambia hivyo mara nyingi. Wazee wale walirudi nyumbani wameshikana mikono, hawakulizungumzia jambo hilo tena, angalau si mbele yangu.

Baada ya hapo mambo yaligeuka. Kidonda cha rafiki kilipona. Akili yake ikarudi, kwanza hasira zikapungua, kisha majina ya vifaa yakarudi moja moja. Mwaka wa pili alikuwa akipanda juu ya mashine za kupukuchua akiwakaripia mafundi wake kama zamani. Daktari alimpiga picha tena, akasema ile sehemu iliyolala imeamka. Si yote, lakini inasukuma. Alikuwa akimeza vidonge karibu vilevile vya baba, na kimoja zaidi cha kuzuia damu isigande kwenye chuma.

Baba alishuka. Hakuanguka ghafla, alishuka kama maji kwenye pipa linalovuja. Uvimbe ulirudi, tukaongeza dawa ya maji. Figo zikalalamika, tukaipunguza. Alilazwa Kitale, akalazwa Bungoma, akarudi nyumbani kila mara akiwa ameacha kitu huko: mara hii nguvu ya kwenda kanisani, mara nyingine nguvu ya kufika langoni. Lakini katika miaka hiyo alimbeba mtoto wangu wa kwanza, alipanda na kuvuna, alimwozesha mdogo wangu wa mwisho. Sitakubali mtu aseme vidonge havikumpa kitu.

Siku moja aliniambia nimpeleke kwa daktari, akamwuliza mwenyewe kama bado anaweza kupasuliwa. Nilishangaa. Daktari aliangalia picha mpya kwa muda mrefu, akasema moyo umechoka mno sasa, na figo hazitahimili.

"Hata sikuwa nataka sana," baba alisema tukiwa njiani. "Nilitaka kujua kama hiyo njia bado iko."

"Unajuta, baba?"

"Hapana. Mwenzangu alikuwa na roho ya kuenda. Mimi yangu ilikataa. Kama ningeenda na roho imekataa, ningeachwa huko." Akagusa upande wa kushoto wa shati. "Nimeona vile mtu anakaa akiwa huko."

Rafiki yake alikuwa akija sasa kila juma, kwa pikapu anayoiendesha mwenyewe. Walikaa veranda, yule aliyepasuliwa na yule asiyepasuliwa, wakilinganisha vidonge vyao kwenye viganja kama watoto wanaolinganisha gololi. Baba aliuzoea ule mlio. Alisema unamsaidia kupumua. Anavuta pumzi mlio ukipiga, anaachilia ukipiga tena. Mara nyingi nilimkuta amesinzia hivyo, rafiki yake amekaa wima, hathubutu kuinuka.

Baba alifariki mwaka wa nne, mchana, mvua ikiwa inajikusanya. Mama alikuwa jikoni akipukuchua maharagwe. Kutoka sebuleni alisikia tik, tik, tik, akafurahi kwamba mgeni wao amefika, ingawa hakuwa amesikia gari. Alimimina vikombe viwili. Alipofungua pazia la mlango mlio bado ulikuwepo, alinihakikishia, aliusikia wazi, upande wa kile kiti cha pili. Baba alikuwa amekaa kwenye chake, ameelekea huko, uso umetulia. Mama alisema, "Karibu nyumbani, shemeji." Halafu akaona kiti cha pili ni kitupu, na baba hapepesi macho. Mlio ukanyamaza. Aliviweka vikombe mezani kwanza, akahakikisha havijamwagika, ndipo akapiga kelele.

Mimi nilikuwa darasani Kitale. Simu yangu ililia kabla mama hajafika kwenye kichuguu. Alikuwa yule rafiki.

"Mama, mzee yuko wapi?" aliniuliza. Aliniita mama siku zote, kama wazee wa Kitale wanavyowaita watoto wa kike.

"Yuko Tongaren. Kwani kuna nini?"

Nyuma yake karakana ilikuwa kimya, na saa zile za kazi karakana ile haikuwahi kuwa kimya. "Nimewaambia wazime mashine zote," akasema. "Nimeziba masikio, nimefungua mdomo, nimetafuta ule mlio. Sikuusikia. Nimesimama hapa mzima, napumua, na kifuani hakuna sauti. Sasa umerudi. Lakini mpigie mama yako."

Mafundi wake waliniambia baadaye kwamba walimwona akiwa ameshika ukingo wa meza, macho wazi, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Daktari nilipomsimulia alisema mtu mwenye hofu anaweza kukosa kusikia mlio aliouzoea, na kwamba mama alikuwa mpweke jikoni na alishamzoea mgeni. Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayetaka liwe kweli.

Miaka ya baadaye nilikutana naye tena, nywele zake zimeanza kuingia mvi. Alisema sasa wanaelewa kidogo zaidi. Kwa mioyo kama ile kisu huwa na hatari kubwa mwanzoni, na anayevuka mwanzo huo mara nyingi hupata miaka mingi kuliko wa vidonge peke yake. Lakini inategemea mtu, umri wake, figo zake, na mengine ambayo bado hayana jina. Hayo ndiyo ninayowajibu wanaoniuliza.

Tulimzika baba Tongaren, watu wakaja kutoka hata Sirisia. Rafiki yake alisimama akazungumza kwa Kibukusu chake kibovu, akakosea neno, akina mama wakacheka huku wakilia, naye akalirudia vilevile kwa makusudi ili wacheke tena. Baada ya maziko mama alimpa jogoo, kama mtu anavyompa shemeji anayetoka mbali. Alikataa, mama akakataa kukataliwa. Aliondoka na jogoo huyo amefungwa miguu kwenye kiti cha mbele cha pikapu, akiendesha polepole kwa sababu ya matope, na mama akasimama langoni hadi gari lilipopita kanisa. Kisha akaniambia niingize viti, mvua inakuja.